Kati ya Kuujua Ugonjwa na Kuutibu

Kwa miaka mingi nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya famasia, na maswali mengi ninayoulizwa nimeyazoea: dawa inywewe kabla au baada ya kula, kwa nini kidonge cha mwezi huu hakifanani na cha mwezi uliopita, je, inaweza kutumiwa pamoja na ile nyingine. Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo niliulizwa na mama mwenye mtoto anayeugua ugonjwa adimu wa kurithi, nami sikuweza kulijibu pale pale. Alikuwa ameshika karatasi ya majibu ya maabara. "Kaka," aliniambia, "wamenionyesha jeni yenye kasoro, wakanionyesha mpaka herufi iliyokosewa. Sasa kama kosa lenyewe wanalijua hivyo, dawa inawashindaje?" Nilimwomba anipe muda. Ninayoyaandika hapa ndiyo jibu lile, ingawa limekuwa refu kuliko nilivyomwahidi.

Wengi wetu tunaamini kwamba kazi ngumu katika utabibu ni kukitambua chanzo cha ugonjwa, na kwamba chanzo kikishajulikana dawa nayo huwa iko jirani. Imani hiyo haikutoka hewani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa baadhi ya maradhi ya kuambukiza: ukikijua kimelea, unatafuta kitu kitakachokiua na kumwacha binadamu salama. Magonjwa adimu, ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa kiasi cha 7,000 na ambayo sehemu yake kubwa hutokana na kasoro za kurithi, hayaendi hivyo. Hapa hakuna adui wa kuuawa. Kilichopo ni protini fulani ambayo mwili hauitengenezi, au unaitengeneza vibaya, tangu mtoto akiwa tumboni. Na kuurudishia mwili uwezo ambao haujawahi kuwa nao ni kazi tofauti kabisa na kugundua kwamba haunao.

Mfano unaonisaidia zaidi ni ugonjwa wa selimundu, ingawa kuuita adimu kunategemea umesimama wapi. Nchini Marekani wanaougua wanakadiriwa kuwa 100,000 hivi, na kwa sheria ya huko ugonjwa wowote wenye wagonjwa chini ya 200,000 ni adimu. Barani Afrika ugonjwa huo huo ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayoonekana zaidi. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza seli nyekundu zenye umbo la mundu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, inatofautiana na ya watu wengine, wakauita ugonjwa wa molekuli, jambo ambalo halikuwahi kusemwa kuhusu ugonjwa wowote kabla ya hapo. Kisha mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alibaini kwamba tofauti yote iko katika asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini hiyo: pale palipostahili kukaa asidi ya glutamiki, imekaa valini. Kwa hiyo kosa lilijulikana kwa undani ule ule ambao mama yule alionyeshwa kwenye karatasi yake. Tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ajili ya ugonjwa huo, iitwayo Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Kutoka Ingram hadi hapo ni miaka 66.

Jambo linalonishangaza si urefu wa muda peke yake, bali kwamba tiba ilipofika haikulirekebisha kosa lile. Ilipitia mlango mwingine. Mwaka 1948 daktari wa watoto, Janet Watson, alikuwa ameona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili katika miezi yao ya mwanzo, akadhani kwamba wanalindwa na himoglobini ya mimba, ile ambayo kila binadamu huwa nayo akiwa tumboni na ambayo hupungua baada ya kuzaliwa. Swali likawa: ni nini kinachoizima himoglobini hiyo, na je, kinaweza kuzuiwa? Jibu lilisubiri hadi mwaka 2008 hivi, watafiti walipoitambua jeni iitwayo BCL11A kuwa ndiyo swichi yenyewe. Zana ya kuizima swichi hiyo kwa usahihi, yaani CRISPR, ilielezwa na Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier mwaka 2012, na iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Katika tiba yenyewe, seli za uboho hukusanywa kutoka kwa mgonjwa, huhaririwa maabara, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho uliobaki ili seli zilizohaririwa zipate mahali pa kukaa. Miongoni mwa wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha katika jaribio lililowasilishwa kwa mamlaka ya Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa jibu la mama yule. Kukijua chanzo kulimpa mtafiti anwani ya nyumba, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuja kutoka kwa daktari wa watoto aliyechunguza dalili ambazo hazikutokea, kutoka kwa wataalamu wa takwimu za jeni, na kutoka kwa watu waliokuwa wakichunguza jinsi bakteria wanavyojilinda dhidi ya virusi, ambako ndiko CRISPR ilikotoka, na ambao hawakuwa na habari yoyote na selimundu.

Ugonjwa wa sistiki faibrosisi, wa kurithi na unaoshambulia mapafu, una hadithi inayofanana, ila kizuizi chake kilikuwa kingine. Jeni yake, CFTR, ilitambuliwa mwaka 1989 na timu za Lap-Chee Tsui, Francis Collins na Jack Riordan, na matumaini yalikuwa makubwa kwamba baada ya muda mfupi jeni nzima ingewekwa ndani ya virusi visivyo na madhara, ivutwe kwa pumzi, na kazi iishe. Haikuwa hivyo, kwa sababu mapafu yameumbwa kuzuia vitu vya nje visiingie, na ute mzito ambao ndio dalili kuu ya ugonjwa huu ulikuwa ukuta wa ziada. Wenye subira waligeukia njia ya zamani zaidi: kujaribu kemikali moja baada ya nyingine, mamia ya maelfu, kwa mashine, ili kuona ipi inaifanya protini iliyopinda irudi kwenye kazi yake. Sehemu ya gharama za mwanzo za kazi hiyo ililipwa na taasisi ya wagonjwa wenyewe wa Marekani, Cystic Fibrosis Foundation, ambayo iliingia ubia na kampuni ya dawa wakati ambapo kampuni kubwa nyingi hazikuona faida. Dawa ya kwanza, ivacaftor, iliidhinishwa Januari 2012, lakini ilimfaa mgonjwa mwenye aina fulani tu ya kasoro, takriban asilimia 4 ya wagonjwa. Mchanganyiko wa dawa tatu ulioidhinishwa Oktoba 2019 ndio uliofungua njia kwa takriban asilimia 90. Neno "ugonjwa" linaficha jambo hapa: jeni ni moja, kasoro zilizoandikwa ndani yake ni zaidi ya 2,000, na dawa inayoisaidia protini iliyopinda haiwezi kumsaidia mtu ambaye mwili wake hauitengenezi protini hiyo kabisa. Asilimia 10 iliyobaki bado inangoja.

Nimekuwa nikieleza mambo kana kwamba mtafiti huanza na ugonjwa kisha akaitafuta dawa. Mara nyingi mambo hugeuka, dawa ikatangulia na kukaa ikingoja ugonjwa wake. Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma yangu ni cha nitisinoni, na ningeomba msomaji anivumilie nikisimulie kwa utaratibu.

Mwaka 1977 mwanabiolojia wa kampuni moja ya kemikali huko California aliona kwamba chini ya kichaka cha mapambo, kile chenye maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, magugu hayaoti vizuri. Wakemia wa kampuni waliichuja kemikali iliyohusika, wakatengeneza nyingine nyingi za ukoo wake, wakitarajia kupata dawa ya kuua magugu. Zilipojaribiwa kwa panya, panya walipata madhara kwenye macho, na uchunguzi ukaonyesha kwamba asidi amino iitwayo tirosini imepanda sana katika damu yao: kemikali ile ilikuwa inakifunga kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha hatua ya kikemia, katika njia ambayo mwili hutumia kuivunja tirosini. Kwa muuza dawa za mashambani hiyo ni habari mbaya.

Mwaka huo huo wa 1977, mbali na California, Sven Lindstedt na wenzake huko Gothenburg, Uswidi, walikuwa wameeleza jinsi ugonjwa adimu wa tirosinemia ya aina ya kwanza unavyoharibu ini. Njia ile ile ya kuivunja tirosini ina hatua kadhaa zinazofuatana, na watoto wenye ugonjwa huu hawana kimeng'enya cha hatua ya mwisho. Vitu ambavyo vingevunjwa hujikusanya, hugeuka sumu, na ini hufa. Watoto wengi hawakuishi muda mrefu, na baadaye kupandikiza ini likawa ndilo tegemeo la pekee. Lindstedt alikuwa akikichunguza kimeng'enya cha hatua ya juu zaidi kwa miaka. Habari za kemikali inayokifunga kimeng'enya hicho hicho zilipomfikia, aliona mara moja kile ambacho wenye kemikali hawakuwa na sababu ya kukiona: ukiziba bomba juu, kule chini ambako limepasuka hapatafurika. Tirosini itapanda, kweli, lakini tirosini hupunguzwa kwa mlo maalumu, ilhali ini halirudi. Mtoto wa kwanza alipewa dawa hiyo mwaka 1991, matokeo ya watoto wa mwanzo yakachapishwa mwaka 1992, na idhini rasmi ya Marekani ikatolewa mwaka 2002.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1902 daktari Mwingereza Archibald Garrod alikuwa ameandika kuhusu watu ambao mkojo wao hugeuka mweusi ukikaa hewani, ugonjwa uitwao alkaptonuria, akadai kwamba hii ni kasoro ya kikemia inayorithiwa ndani ya familia. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo kabla yake, na taaluma nzima ya magonjwa ya kurithi ya kikemia imejengwa juu ya wagonjwa wachache aliowachunguza. Kitu kinachoufanya mkojo kuwa mweusi hutengenezwa na kimeng'enya kile kile ambacho nitisinoni hukifunga. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliiidhinisha dawa hiyo kwa watu wazima wenye alkaptonuria. Ugonjwa wa kwanza kabisa kutambuliwa kuwa wa aina hii ulingoja miaka 118, na dawa yake ilizaliwa kutokana na magugu.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu watu hupenda kukiita bahati. Bahati ilikuwepo, sikatai, lakini watu wangapi walikuwa wamepita kando ya kichaka kile, na ni wangapi walioisoma taarifa ya panya wale wakaona hasara tupu? Kilichoigeuza hasara kuwa dawa ni kwamba mtu mmoja alikuwa anaijua njia ya tirosini hatua kwa hatua, kwa ajili ya ugonjwa ambao kwa hesabu ya kibiashara haukuwa na thamani yoyote. Ndiyo maana huwa nachoshwa na mjadala wa iwapo fedha zipelekwe kwenye utafiti wa msingi au kwenye utafiti wa dawa, kana kwamba kuna mtu anayeweza kuonyesha mpaka kati ya hivyo viwili.

Turudi kwa kaunta. Tuseme molekuli imepatikana. Njia iliyobaki inajulikana: majaribio kwa seli na kwa wanyama, kisha awamu ya kwanza kwa watu wachache, mara nyingi kati ya 20 na 100, ili kuona usalama na dozi, awamu ya pili kwa watu zaidi, wenye ugonjwa wenyewe, na awamu ya tatu kwa mamia au maelfu, wakigawanywa kwa kura kati ya wanaopata dawa na wasiopata. Takriban dawa 9 kati ya 10 zinazoingia awamu ya kwanza haziidhinishwi. Masharti haya hayakuwekwa kwa kupenda urasimu. Dawa ya thalidomide iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 ikisifiwa kwa usalama wake, na kabla haijaondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 1961, zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na ulemavu. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu mkaguzi mmoja, Frances Kelsey, alikataa kutia saini mpaka aletewe ushahidi wa kutosha, na mwaka 1962 sheria ikabadilishwa ili mwenye dawa athibitishe si usalama tu bali pia kwamba dawa inafanya kazi.

Sasa mtu afanyeje awamu ya tatu kwa ugonjwa wenye wagonjwa 400 duniani kote, wengi wao watoto, waliotawanyika katika nchi kadhaa? Hili, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko molekuli, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi. Jaribio dogo huweza kuthibitisha jambo kwa sharti moja: kwamba tunajua kwa hakika nini kingetokea bila dawa. Wagonjwa wa Gaucher hukosa kimeng'enya kinachovunja mafuta fulani ndani ya seli, kasoro iliyobainishwa na Roscoe Brady katikati ya miaka ya 1960. Wengu wao huvimba na damu yao hupungua. Brady na wenzake walikichuja kimeng'enya hicho kutoka kwenye kondo la nyuma, maelfu kwa maelfu ya makondo yaliyokusanywa baada ya akina mama kujifungua, na walichelewa kwa miaka kwa sababu kimeng'enya hakikuwa kikiingia katika seli zilizokihitaji mpaka sukari zilizokizunguka ziliponyolewa kwa namna maalumu. Jaribio lililoipatia dawa hiyo idhini mwaka 1991 lilikuwa na wagonjwa 12 tu. Damu iliongezeka kwa wote 12, wengu ulipungua kwa wote 12, na kwa kuwa ilijulikana kwamba wengu wa Gaucher haupungui wenyewe, hapakuwa na haja ya kundi la kulinganisha.

Wakati mwingine kundi hilo haliepukiki. Katika ugonjwa wa udhoofu wa misuli unaotokana na jeni SMN1, iliyotambuliwa mwaka 1995 na timu ya Judith Melki huko Paris, mtoto mwenye aina kali hufa au huhitaji mashine ya kupumua kabla ya kutimiza miaka miwili. Binadamu ana jeni pacha, SMN2, ambayo inakaribia kufanana na ile iliyoharibika lakini husomwa vibaya na seli. Adrian Krainer na washirika wake walitengeneza kipande kifupi cha kemikali inayofanana na vinasaba, nusinersen, kinachoilazimisha seli kuisoma vizuri. Jaribio kuu lilihusisha watoto wachanga 121. Theluthi mbili walipewa dawa kwa sindano ya mgongoni, na theluthi moja walichomwa kwa juu juu tu ili hata wazazi wasijue nani amepata nini. Huwa nafikiri juu ya wazazi wale waliotia saini. Katika uchambuzi wa mwisho, watoto 37 kati ya 73 waliopata dawa na kuhesabiwa katika uchambuzi huo walifikia hatua za ukuaji wa misuli ambazo hazikutarajiwa. Katika kundi lingine la watoto 37, hakuna hata mmoja. Jaribio lilisimamishwa mapema ili wote wapewe dawa, na idhini ikatolewa Desemba 2016. Nimewasikia watu wakiliita jaribio la namna hiyo ukatili. Mimi naona tofauti: bila zile sifuri, mabishano kuhusu kama dawa inafaa yangeendelea kwa miaka, na watoto wengine wengi wangepotea humo.

Ningependa kupita kwenye suala la fedha haraka, lakini haliruhusu. Katika muongo uliotangulia mwaka 1983, dawa zilizotengenezwa na kampuni za Marekani mahususi kwa magonjwa adimu hazikufika 10. Mwaka huo sheria ilipitishwa ikimpa mwenye dawa ya namna hiyo miaka 7 ya kuuza bila mshindani, pamoja na nafuu ya kodi. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2000 kwa kutoa miaka 10. Tangu hapo dawa zimefika mamia, hivyo sheria zilifanya kazi. Zilifanya kazi pia kwa namna ambayo haikukusudiwa, maana zilifundisha kampuni kwamba wagonjwa wachache wanaweza kuleta fedha nyingi. Zolgensma, tiba ya jeni ya ugonjwa huo huo wa misuli, ilitangazwa Marekani mwaka 2019 kwa bei ya dola milioni 2.125 kwa dozi moja, na Casgevy kwa dola milioni 2.2. Kampuni husema kwamba bei lazima ibebe gharama za dawa zilizoanguka njiani, na hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani. Lakini makadirio ya gharama ya kuleta dawa moja sokoni yanatofautiana mno, kutoka dola bilioni 1 hivi hadi bilioni 2.6 kulingana na nani anahesabu na anahesabu nini, na mtu anayetumia namba isiyotulia namna hiyo kutetea bei iliyotulia kabisa anastahili kuulizwa maswali.

Hata bei kubwa haihakikishi kwamba dawa itabaki. Strimvelis ni tiba ya jeni kwa watoto wasio na kinga ya mwili kwa sababu ya kukosa kimeng'enya kiitwacho ADA. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2016, ikawa inatolewa Milan peke yake, na wagonjwa walikuwa wachache kiasi kwamba kampuni kubwa iliyokuwa nayo iliiachia kampuni ndogo mwaka 2018, na kampuni ndogo nayo ikaamua kuachana nayo. Mwaka 2023 taasisi ya hisani ya Italia, Fondazione Telethon, iliichukua, ikawa yenyewe ndiyo mwenye leseni. Dawa ilikuwa inafanya kazi wakati wote huo.

Mama yule aliposoma sehemu ya kwanza ya maelezo haya aliniuliza kama hakuna habari njema zaidi ya miaka 66 na miaka 118. Ipo moja. Mwaka 1999 huko Philadelphia, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa ini unaoifanya amonia ijikusanye katika damu alifariki siku nne baada ya kupewa jeni iliyobebwa na virusi, na uwanja mzima wa tiba za jeni ulirudi nyuma kwa miaka. Mwaka 2025, katika jiji lile lile, timu ya Rebecca Ahrens-Nicklas na Kiran Musunuru ilitangaza kwamba imemtibu mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa ukoo ule ule kwa dawa ya kuhariri herufi moja ya jeni, iliyobuniwa kwa ajili yake peke yake, ikabebwa na chembe ndogo za mafuta badala ya virusi. Tangu kasoro yake ilipojulikana hadi dozi ya kwanza ilichukua takriban miezi sita. Hapo karatasi ya maabara yenye herufi iliyokosewa iligeuzwa moja kwa moja kuwa dawa, kama mama yule alivyodhani inapaswa kuwa. Lazima niongeze kwamba iliwezekana kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye ini, ambalo hunyonya chembe za mafuta kwa urahisi. Ubongo na misuli havijafikika kwa wepesi huo. Na mtoto wa mama yule hana ugonjwa wa ini.

Kilichobaki ambacho yeye anaweza kukifanya sasa ni kidogo, na sikutaka kumdanganya kuhusu ukubwa wake. Mwaka 1999 familia yenye mtoto mwenye projeria, ugonjwa unaomzeesha mtoto kabla ya wakati, ilianzisha taasisi iliyoanza kwa kuwatafuta watoto duniani na kuandika yote yanayowapata: uzito, nywele, moyo, tarehe. Jeni ilipatikana mwaka 2003. Mwaka 2020 dawa iitwayo lonafarnib, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya saratani, iliidhinishwa, na ushahidi kwamba inarefusha maisha ulitokana na kuwalinganisha watoto walioitumia na kumbukumbu za wale ambao hawakuitumia. Zile tarehe zilizoandikwa na wazazi ndizo zilizosimama mahali pa kundi la kulinganisha.

Kwa ugonjwa wa mtoto wake ipo rejista ya kimataifa ya wagonjwa, na juma lililopita tuliijaza fomu pamoja, yeye akisoma maswali kwa sauti nami nikimfafanulia maneno ya kitabibu. Ilimchukua muda mrefu kwenye swali la tarehe ambapo dalili ya kwanza ilionekana, kwa sababu hakuwa na hakika kama ihesabiwe siku mtoto alipoanguka au ile ya kabla yake, aliposhindwa kukishika kikombe. Tuliandika zote mbili.